Nusu siku Mombasa na mama aliyetoka kutolewa mtoto wa jicho: nimpeleke wapi?

Mtu wa Langoni

Assalaam aleikum jamaa. Nauliza nikiwa Lamu lakini swali langu ni la Mombasa, mnistahimilie.

Mamangu anatolewa mtoto wa jicho Jumanne ijayo, jicho la kulia. Jumatano asubuhi anafunguliwa bandeji, daktari anamtazama, na kwa walivyotuambia saa nne tutakuwa tumemaliza. Basi la kurudi Mokowe, pale tunapovukia kwenda Lamu, tumekata la Alhamisi alfajiri. Kwa hiyo Jumatano tuna kuanzia saa nne mpaka Magharibi, mimi na yeye, hatuna la kufanya ila kukaa kwa binamu yangu Majengo tukitazamana.

Sasa sikizeni. Mama ana miaka sitini na tisa. Mombasa ameifika mara nne maishani mwake na mara zote nne ilikuwa hospitali. Mara ya kwanza alikuja na dada yangu aliyeanguka juu ya punda akavunjika mkono. Ya pili alimleta marehemu baba. Ya tatu marehemu baba tena. Ya nne ni mwezi uliopita, kuja kupimwa macho. Ukimuuliza Mombasa ikoje atakwambia ina harufu ya dawa na watu wake hawaitiki salamu. Mji mzima kwake ni ukumbi mmoja wenye mabenchi. Nataka safari hii arudi na kitu chengine cha kusimulia.

Hali yenyewe ni hii. Goti lake la kushoto ni bovu: ngazi tatu nne atapanda, kumi hapandi. Daktari ameshatuonya kuhusu vumbi, maji kuingia jichoni, kuinama na kubeba kizito, hata swala ataswali kitini kwa siku kadhaa. Atakuwa na miwani ya jua. Kuna dawa ya matone ya kutiwa kila baada ya saa kadhaa, na mtiaji ni mimi. Pesa zipo za tuktuk, chakula cha mchana na zawadi moja. Na jambo la mwisho, mama hapendi kuharakishwa. Ukimharakisha anakaa chini pale pale alipo, hata kama ni katikati ya gati.

Mimi mwenyewe Mombasa siijui. Naijia kazi tu, nanunua vipuri vya mashine za boti. Nashuka Mwembe Tayari, naingia dukani, narudi Mwembe Tayari. Nimejaribu kuandika mpango: Fort Jesus, zile Pembe za ndovu za Moi Avenue, Haller Park, feri ya Likoni, Mji wa Kale, halafu pale baharini Mama Ngina. Binamu yangu aliusoma akacheka mpaka akakohoa.

Nipeni mpango wa mtu mzima. Huu wangu naona ni wa ziara ya shule ya msingi.

Pweza Mkavu

Binamu yako anacheka nini? Yote hayo yanawezekana ukikodi gari. Anza mbali, maliza karibu. Saa nne mko njiani, mnavuka daraja la Nyali, saa tano kasoro mko Haller Park Bamburi. Pale palikuwa shimo la kuchimba mawe ya kiwanda cha simiti, jangwa tupu, mpaka akaja René Haller akaanza kupanda mivinje mwaka wa 1971. Leo ni msitu, una twiga, viboko, kasa wa nchi kavu wakubwa kama meza. Mama atafurahi kulisha twiga. Saa saba mnarudi mjini, mnaingia Fort Jesus, saa tisa Mji wa Kale, saa kumi feri, saa kumi na moja na nusu Mama Ngina. Vaeni viatu vizuri tu.

Mtu wa Langoni

Pweza, shukran, lakini hapo uliposema saa tano, saa saba, saa tisa, ndipo nilipomuona mama amekaa chini.

Dada wa Kibokoni

Mtu wa Langoni, mimi ni wa Mkomani, ule upande wa pili wa mji wa Lamu, kwa hiyo kwanza pole kwa kuzaliwa upande usio wenyewe. Nimeolewa huku Mombasa huu mwaka wa ishirini, na kila jamaa wa Lamu anayekuja hospitali hufikia kwangu. Nimetembeza wagonjwa kuliko nilivyotembeza wazima. Nisikize.

Nianze kwa kukata. Fort Jesus msiingie. Sisemi haina maana. Wareno waliianza 1593, ramani akaichora Mtaliano, Cairati. Waomani waliizingira karibu miaka mitatu ndipo wakaichukua, 1698. Waingereza wakaigeuza jela kutoka 1895 mpaka 1958, na UNESCO ikaitia katika orodha yake mwaka wa 2011. Wanangu wote nimewapeleka. Lakini mamako ni mtu wa Lamu! Ngome anayo, imemalizwa kujengwa 1821, anapita mbele yake kila akienda sokoni, nayo pia ilikuwa jela mpaka 1984. Huenda hata anamjua aliyelala humo. Fort Jesus ule uwanja wa kati saa sita ni jua tupu, kuta zinamulika, na chini kuna miinuko na vidato. Jicho limefunguliwa asubuhi unalipeleka pale? Mpitishe nje kwa tuktuk, mwambie hii ndiyo, mwende zenu.

Haller Park ni pazuri, siku nyengine. Kwenda na kurudi kwa foleni ya Nyali nusu siku imekwisha. Na feri ya Likoni kwa mtu wa Lamu ni kumuonyesha samaki maji.

Sasa la maana. Mamamkwe wangu alitolewa mtoto wa jicho miaka sita iliyopita. Alipofunguliwa, neno lake la kwanza halikuwa alhamdulillahi, hilo lilikuja la pili. La kwanza alimtazama jirani yetu aliyekuja kumjulia hali akasema, "Kumbe buibui lako si jeusi, ni samawati." Lile buibui tulikuwa tukiliona miaka, kweli lilikuwa samawati iliyokoza, yeye peke yake hakuwa akijua. Mtoto wa jicho ni kama kutazama kupitia chai. Ukitolewa, rangi zinakurudia zote kwa pamoja, na ya samawati ndiyo inayokushtua zaidi.

Kwa hiyo mpeleke zilipo rangi. Mpeleke Biashara Street, kwenye leso. Bahati yako ni Jumatano. Ingekuwa Ijumaa ungekuta maduka mengi yamefungwa kwa swala na adhuhuri yako imepotea. Usimtembeze maduka kumi. Chagua moja lililojaa, muombe mwenye duka kiti, na wewe utoke usimame mlangoni. Mwache mama azitazame zilivyotundikwa. Akishachagua, mafundi wako vibarazani hapo hapo na vyarahani vyao, wanakata doti na kupinda pindo. Hilo mliache likishonwa, mwende mkale.

Marikiti iko hatua chache, lakini mama asiingie kwenye ule mstari wa viungo. Kule wanapakua pilipili ya kusaga kwa vijiko, ukipiga chafya nayo imeruka. Kama anataka iliki na mdalasini za Mombasa, kanunue wewe.

Chakula cha mchana njooni kwangu. Usinibishie, mamako na marehemu mamangu walisoma chuo kimoja cha Qur'ani. Mtakula, ataswali, atalala. Nusu siku ya mtu mzima ina usingizi ndani yake, ukiutoa usingizi huo hiyo ni kazi si matembezi. Baada ya Alasiri jua limelegea, mnapita Ndia Kuu pole pole, si yote, kipande tu. Kuna milango ya kuchongwa atakayoilinganisha na ya kwenu na kuikosoa, mwache aikosoe. Muonyeshe msikiti wa Mandhry kwa nje, wa 1570 ule, na mnara wake mnene uliochongoka, haufanani na minara ya siku hizi. Mwenye dele la kahawa hakosekani pembeni. Halafu Mama Ngina mkatazame meli mpaka Magharibi.

Ni hivyo tu. Mambo matatu na usingizi.

Kasa wa Malindi

Naona watu wote wa Lamu wana ugonjwa mmoja: mnapita Malindi mmefunga macho kana kwamba ni kituo cha kuteremshia abiria. Mtu wa Langoni, basi lako la Alhamisi linapita mlangoni kwetu, kilomita kama mia na ishirini tu kutoka Mombasa. Shukeni hapa, nusu siku muitumie huku. Mji umetulia, tuktuk zimejaa, bahari iko wazi.

Mama angeona mnara wa Vasco da Gama kule ncha ya mwamba, Wareno walikuja hapa 1498 na Sultani wetu akawapokea vizuri wakati Mombasa iliwakatalia. Mpaka leo Mombasa hawajatusamehe. Angeona kanisa dogo la makuti karibu na hapo. Angeona makaburi ya nguzo ubavuni mwa msikiti wa Juma. Na mbele yake kuna ile bahari yetu ya rangi mbili. Mvua ikinyesha bara, mto Sabaki unamwaga udongo mwekundu na maji ya pwani yote yanageuka kama chai ya maziwa, halafu mbele kabisa kuna mstari wa samawati. Dada wa Kibokoni, wewe uliyesema kutazama kupitia chai, njoo uone chai yenyewe.

Na huyo Pweza aliyeitaja Haller Park ajue kwamba kiboko aliyeipa sifa ile bustani alikuwa wa kwetu. Owen. Alikwama baharini karibu na mdomo wa Sabaki Desemba 2004, wakati wa ile tsunami, mvulana wa kiboko hana mama. Watu walikokota nyavu mpaka wakamtoa, akachukuliwa Bamburi, na huko akamfanya kobe mzee mama yake. Mombasa wanachukua kila kitu chetu.

Dada wa Kibokoni

Kasa, umwagie mtu wa watu hamu kisha ashuke na jicho lake bichi stendi ya Malindi kwenye lile vumbi? Basi la pili la kwenda Mokowe atalipata wapi mchana?

Kasa wa Malindi

Hilo la basi sikulifikiria. Basi jicho la pili.

Abu Tuktuk

Salaam. Mimi naendesha tuktuk hapa mjini, nasema ya kazi yangu tu.

Moja. Tuktuk haina mlango. Mgonjwa wa jicho la kulia akae upande wa kushoto na lile turubai la kulia lifungwe kabisa. Mwambie dereva kabla hamjaondoka, wengi wetu tunayo yamekunjwa juu.

Pili. Patana bei kabla ya kupanda, na upatane kwa mwendo, usipatane kwa siku. Ukimkodi mtu siku nzima kila mkikaa anatazama saa, na mama yako umesema hapendi hilo.

Tatu, na hili ni kubwa. Kwenda Mama Ngina jioni usimwache dereva apitie barabara ya feri. Kuanzia saa kumi watu wa kusini wote wanarudi nyumbani, magari yanapanga mstari, utakaa na moshi. Apitie Kizingo, upande wa kiwanja cha gofu, mtatokea pale juu kwenye mibuyu bila foleni.

Zile Pembe msishuke. Ni za bati la alumini, mara ya kwanza ziliwekwa 1952 kwa ajili ya binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth. Watu hupiga picha katikati ya barabara huku matatu zinawapigia honi. Mwambie dereva apite chini yake pole pole, mama atainua kichwa ataziona, imetosha.

Na mihogo ya Mama Ngina ile ya kutiwa pilipili na ndimu. Mama ale. Wewe kumbuka mikono.

Mtu wa Langoni

Abu, mikono vipi?

Abu Tuktuk

Utajua.

Mtu wa Langoni

Tumerudi. Niko Lamu, ni Ijumaa, mama amelala, na nilisema nitaleta habari, nazo ni hizi.

Hospitali hawakutuachilia saa nne. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa tano na robo, na nilikuwa nishaanza kuogopa kwamba hii ndiyo mara ya tano. Bandeji ilipotoka mama hakusema kitu. Alimtazama daktari, akanitazama mimi, halafu akatazama chini kwa muda mrefu. Nikadhani inamuuma. Akasema, "Mwanangu, viatu vyako ni vichafu hivyo na watu wakutazama?"

Tuktuk nilifunga turubai kama alivyosema Abu. Tulipita chini ya Pembe, mama akainua kichwa. Nikamwambia ziliwekwa kwa ajili ya malkia. Akauliza alikuja kuzitazama tena? Nikasema sijui. Basi, Pembe zikaishia hapo.

Biashara Street ndipo siku ilipoingia. Niliombea kiti, mwenye duka akatoa kigoda cha plastiki na glasi ya maji, nikamuuliza mama atolewe leso zipi. Hakujibu. Humo ndani hakuna jua, akavua miwani. Zilikuwa zimetundikwa mpaka darini, nyekundu, machungwa, kijani, moja ina korosho, moja ina jogoo. Mama anajua kusoma Qur'ani tangu utotoni, lakini hizi herufi za kizungu alijifunza ngumbaru miaka ya themanini akiwa tayari na watoto watatu, na kwa hii miaka saba nane iliyopita leso zake zote amesomewa. Alikuwa akinunua rangi, halafu jioni anamwita mjukuu amsomee jina. Mara mbili yule mjukuu alimsomea uongo kwa kucheka, akaja kuumbuka nayo harusini.

Nikamsikia ananong'ona. Nilidhani ni dhikri. Nikasogea. Alikuwa akisoma: "We... ma... Wema... ha... u... ozi. Wema hauozi." Akahamisha macho leso ya pili. Akaisoma. Ya tatu. Ya nne ilikuwa ya kumsema mke mwenza, akaisoma mara mbili kisha akamuuliza mwenye duka, "Hini wauzia watu gani?" Yule bwana akacheka, akamjibu kwa Kiamu kamili, Kiswahili chetu cha Lamu, kumbe nyanyake ni wa Siyu. Kutoka hapo mimi sikuwa na kazi tena. Walipatana bei wao wawili, mimi nikakumbukwa wakati wa kulipa.

Kisha kwa fundi. Dada wa Kibokoni, hapa mpango wako ulikwama na mkwamishaji ni mama. Tulitakiwa tuache leso tuje kula. Mama alikataa kuondoka. Akakaa kibarazani, akautazama mshono unavyotoka chini ya sindano, fundi akamaliza upande wa kwanza, akamkabidhi kwa furaha. Mama akainua ule upindo karibu na jicho la kulia, akalifumba la kushoto, akasema, "Umekwenda tenge." Fundi akasema haujaenda. Mama akamuonyesha kwa ukucha. Ulikuwa umekwenda tenge kwa upana wa punje ya mchele, kweli, nikatazama na mimi. Akafumua. Akashona upya. Dakika arubaini. Watu wa vibaraza vya jirani waliacha kazi wakasogea kutazama. Huyo mama miaka yote hii alikuwa akipapasa ukutani kwenda msalani, leo anamfumulisha fundi wa Mombasa.

Biriani ya Dada wa Kibokoni sitaisimulia, wengine mna njaa. Mama alilala saa moja na nusu kwa kiyoyozi, alipoamka akanilaumu kwa nini sisi hatuna.

Ndia Kuu ilikuwa fupi kwa sababu ya yale mambo ya fundi. Lakini kuna kile kibao cha jina la mtaa. Mama akasimama chini yake akakisoma kwa sauti, "Ndia Kuu." Akageuka. "Kumbe wasema kama swi!" Miaka yote ile aliyokuja Mombasa watu wa hospitali walikuwa wakimkosoa, si ndia mama, ni njia, na yeye akinyamaza. Alikishika kile kiguzo cha kibao kidogo, kama mtu anayemshika bega jamaa yake. Milango aliikosoa, ndiyo, mitatu. Msikiti wa Mandhry aliupenda, akasema mnara wake umekaa kama mtama uliofungwa.

Mama Ngina tulifika saa kumi na moja, kupitia Kizingo. Tukapata ukuta mfupi chini ya mbuyu, mbele yetu mlango wa bandari ya Kilindini. Ilipita meli ya makontena, ile kubwa, karibu mpaka unaweza kuwaona mabaharia wakitembea. Mama akauliza, "Hiyo ni meli au mtaa?" Akaanza kuhesabu safu za makontena kwa kidole kwenda juu, akapotea, akaanza tena. Meli ya kwetu kubwa ambayo ameipanda ni jahazi la kwenda Faza.

Na sasa mikono. Nilinunua mihogo. Muuzaji akapasua kila kipande katikati, akapaka pilipili na chumvi, akakamua ndimu. Tukala. Simu ikalia ya kunikumbusha matone ya saa kumi na mbili. Nikatoa chupa mfukoni, nikamwambia mama ainue kichwa, kidole changu kikawa inchi moja kutoka kwenye lile jicho, ndipo nikaona vidole vyangu vyekundu mpaka kwenye kucha. Abu, nilisikia sauti yako. Nilipiga kelele kiasi kwamba mama naye akaruka. Yule muuzaji mihogo akaja na dumu la maji na kipande cha sabuni ya kufulia, akaninawisha mikono yote miwili mpaka viwiko kama mtoto, mara tatu, halafu akaninusa vidole. Matone yalitiwa saa kumi na mbili na dakika kumi na saba. Mama anamsimulia kila anayekuja kumjulia hali, na katika masimulizi yake kidole kimeshafika kwenye kope.

Kasa, basi lilipita Malindi kama saa tatu asubuhi. Tangu Mtwapa mama alikuwa akisoma vibao vya dirishani kwa sauti, vya shule, vya maduka ya simiti, vya makanisa, abiria wa mbele akageuka mara mbili. Malindi alisoma jina, akaniuliza huo mnara wa Wareno uko upande gani. Nikamwonyesha upande ambao nadhani ndio. Akasema sawa.

Jicho la kushoto tumepangiwa baada ya miezi miwili. Jana usiku aliniuliza kama nimehakikisha siku yenyewe haitaangukia Ijumaa.